Mahindi Yakikauka, Tunaondoka

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, mahindi yetu yalikataa kukauka. Nasema yalikataa kwa sababu mpaka leo siyaoni kama mahindi. Nayaona kama watu wabishi waliolala chali juu ya turubai uani kwetu, nje kidogo ya Kitale, wanaota jua bila haraka yoyote, na mimi nimesimama juu yao na reki. Nageuza asubuhi, nageuza saa sita, nageuza saa tisa. Mawingu yakijikusanya upande wa mlima Elgon, nakimbia kufunika. Yakitawanyika, nafunua. Mama alikuwa ananitazama kutoka jikoni na kuniuliza kama nimekaliwa na siafu.

Sikukaliwa na siafu. Nilitaka kuondoka. Miaka minne ya bweni, kengele alfajiri, githeri ya mahindi na maharagwe yenye wadudu, halafu unatoka pale ukidhani dunia imekufungulia mlango, kumbe umehamishwa tu kutoka kengele ya mwalimu mpaka reki ya baba. Nilikuwa na hasira na kila kitu kilichotulia mahali pamoja. Hata ng'ombe akilala alinikera.

Safari yenyewe tulikuwa tumeipanga bwenini muhula wa mwisho, watu watatu. Majina yao nayaacha, wana kazi na watoto sasa. Mmoja alikuwa wa Kimilili, mama yake ana hoteli ndogo ya chai karibu na soko, na mdomo wake haukujua kupumzika. Wa pili alikuwa wa Bungoma mjini, nyumba ya pili kutoka msikitini, baba yake anauza matairi na kuyaziba. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache. Wa tatu ni mimi, mjukuu wa mzee aliyehamia Trans-Nzoia kutoka Murang'a akiwa na jembe na Biblia, na ambaye tangu afike hakuondoka tena. Labda ndiyo sababu nilizaliwa nikiwashwa miguu.

Tulisema tutachukua pikapu ya baba yangu, tutoke Kitale, tupite Kapenguria, tuteremke mpaka Lodwar, halafu tusukume mpaka ziwani, tuoge, turudi. Kwa nini kaskazini? Kwa sababu kila mtu mwingine darasani alikuwa anaenda Nairobi, na Nairobi kila mtu ana mjomba. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvuka Kapenguria. Hiyo ilitosha.

Baba hakukataa, jambo lililonishangaza. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta jasho, akasema, "Mahindi yakauke, yafike ghala la nafaka, yapokelewe. Hapo mchukue gari, wiki moja." Halafu akamgeukia mama, akanionyesha kwa kidevu. "Lakini asiendeshe huyu. Aendeshe yule kijana wa matairi. Huyu hana breki."

Mimi nilikuwa naendesha trekta tangu darasa la saba. Lakini wa Bungoma alikuwa na leseni, na alikuwa na ile sura ya utulivu ambayo wazazi wa watu wengine huipenda. Niliumia, nikakubali. Gari ni gari.

Wiki ya kwanza ya Desemba tulikutana Kimilili, kwenye ile hoteli ya mama wa mwenzetu, kwa sababu Kimilili ni katikati. Wa Kimilili alikuwa na daftari. Ameandika sufuria, mtungi wa maji wa lita ishirini, blanketi, tairi mbili za akiba, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, kuku wawili, hai.

"Kuku wa nini?" nikamuuliza.

"Wa kula, bana. Huko balabalani unajua nani anapika nini? Mimi siendi mahali bila kuku."

"Watanyea gari la baba."

"Si utaosha? Na huyu sheikh wetu ndiye atachinja, ili tule wote bila maneno."

Wa Bungoma alicheka kidogo, akazungusha kikombe chake cha chai. Mama mwenye hoteli alipita akasema watoto wa siku hizi wanapanga safari kama wanahama. Akatuongezea mandazi. Ndipo wa Bungoma akasema, akiwa bado anakiangalia kikombe, "Kuna kitu sijawaambia."

Tukamngoja. Ukiwa na rafiki wa maneno machache, unajifunza kumngoja.

Akasema mama yake alikuwa mtu wa Lodwar. Hilo hatukulijua, miaka minne tumelala vitanda vya kupakana. Alifariki yeye akiwa na miaka miwili, baba yake akamleta Bungoma, na tangu hapo hajarudi. Mama yake mdogo ndiye alikuwa akipiga simu sikukuu za Idi. Sasa alikuwa amepiga tena. Nyanya yake, mama mzee anayeishi mbali huko na mbuzi wake, mahali ambapo hata simu haishiki, ameletwa mjini Lodwar kutibiwa macho. Alikuwa haoni kwa miaka mingi. Wamemsafisha jicho moja, anaona. Na kitu cha kwanza alichosema baada ya bandeji kutolewa ni kwamba anataka kuona uso wa mtoto wa binti yake.

"Anakaa hapo Lodwar mpaka lini?" wa Kimilili akauliza. Kwa mara ya kwanza alikuwa amefunga daftari.

"Hata mama mdogo hajui. Anasema nyanya hapendi mji. Akiamua kurudi kwa mbuzi zake, hakuna mtu wa kumshika."

"Na huko kwake hatuwezi kumfuata?"

"Wanahamahama na mifugo. Hakuna barabara. Mama mdogo mwenyewe kumpata ilikuwa bahati."

Sikujua la kusema, na mimi nikikosa la kusema huwa nasema kubwa. Nikampiga begani. "Tutakufikisha, bana. Hiyo niachie mimi." Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye gari.

Aliniamini. Nililiona usoni mwake, na nikafurahi. Wacha niseme ukweli: nilifurahi kwa sababu safari yetu sasa ilikuwa na maana, haikuwa tena kiherehere cha vijana. Sasa hata baba angenielewa nikiharakisha.

Lakini mahindi hayakuelewa.

Kwetu mahindi hupimwa kwa chupa. Unachukua chupa ya soda ya kioo, iliyokauka kabisa. Unatia mahindi kama robo, unaongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, unaziba, unatikisa, unaiweka chini robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Chumvi ikianguka yote chini, yamekauka, funga magunia. Ghalani wana mashine, lakini ukifika na mahindi mabichi mashine hiyo itakurudisha nyumbani na lori lako, kwa hiyo mkulima mwenye akili humaliza shaka zake uani. Miaka yote chupa ilitikiswa na baba. Mwaka huo alinikabidhi mimi. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Umemaliza shule. Chupa ni yako." Na kwa desturi yake, mwenye chupa akishasema, hakuna anayerudia kupima nyuma yake. Babu alimkabidhi yeye hivyo hivyo, wala hakurudia kupima.

Nilitikisa Jumatatu, chumvi ikashika. Nikatikisa Jumatano, ikashika. Nikaanza kutikisa mara mbili kwa siku, mama akasema nitaivunja. Kila jioni simu ya wa Bungoma.

"Sasa. Bado?"

"Bado kidogo."

"Sawa. Nyanya yupo."

Jumamosi ya wiki ya pili alipiga asubuhi, si jioni. Mama mdogo alikuwa amemwambia kwamba nyanya anauliza Bungoma ni mbali kiasi gani, kama ni mwendo wa siku mbili au siku kumi, kwa sababu anaona huyu mtoto anachelewa. Aliyasema haya akicheka. Nami nilicheka. Nilipokata simu nilikwenda moja kwa moja kwenye chupa.

Ninachokisimulia sasa sijawahi kumwambia yeye wala wa Kimilili.

Nilitikisa. Nilingoja, tena robo saa nzima, nimechuchumaa pale. Nilipoinua chupa, chumvi nyingi ilikuwa imeanguka chini. Lakini nyingine ilibaki, ukungu mwembamba mweupe upande mmoja wa kioo. Nikaipiga kwa kidole. Ikaanguka kidogo, kidogo ikabaki. Nikajiambia ni kioo hicho, kina mafuta. Nikajiambia siku tatu za foleni zitamalizia. Mtu akitaka kujidanganya hakosi mashahidi.

Baba alikuwa kwenye baraza anakagua magunia yenye matundu. Hakuinua kichwa. "Inasemaje?"

"Imeanguka yote."

"Haya. Tufunge."

Hakuomba kuiona. Angeiomba, ningesema. Hivyo ndivyo nilivyojitetea kwa muda mrefu, kana kwamba kosa lilikuwa lake kuniamini.

Tulifunga siku ile ile. Lori likaja Jumatatu. Tukakaa foleni ya ghala siku tatu, matrekta na malori yamepangana mpaka kwenye kituo cha petroli, na mimi moyo unadunda kwa furaha. Nilimpigia wa Bungoma nikamwambia apige pasi shati. Wa Kimilili akasema ameshachagua kuku, mmoja mweupe mmoja wa madoa. Siku ya tatu karani akachoma gunia la kwanza kwa ule mchuma wao wenye tundu, akamimina mahindi kwenye mashine, akatazama, akachoma la pili, la tano, la kumi. Alikuwa mtu wa heshima. Akamwambia baba, "Mzee, hii bado. Rudisha, anika vizuri, ulete tena."

Baba akasema haiwezekani, yamepimwa. Karani akamwonyesha mashine. Baba akavaa miwani, akaitazama, akavua miwani.

Njia nzima ya kurudi tulikaa mbele, mimi katikati ya baba na dereva. Karibu na nyumbani baba akauliza, polepole, "Ile chupa uliitikisa wewe mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Haya."

 Ningependa angenitandika. Mama ndiye aliyefungua gunia la kwanza uani. Aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kuutoa haraka. Yalikuwa moto ndani. Katika magunia ya katikati punje zilikuwa zimeanza kushika weusi kwenye vichwa. Akaniangalia, si kwa hasira hata, akasema, "Haiya, kijana. Hii haraka yako itatulisha sumu." Tulichagua punje mbovu kwa mkono, yeye na mimi, tukiwa tumeketi juu ya turubai, na baba akachukua ile chupa akaingia nayo nyumbani. Tangu siku hiyo akaitikisa yeye.

Sasa sikia hesabu iliyokuwa ikinitafuna. Kama ningesema kweli Jumamosi ile, mahindi yalihitaji jua la siku mbili zaidi, pengine tatu. Tungekuwa barabarani kabla ya Krismasi. Badala yake tuliyamwaga upya, yamechemka, na siku ya pili mvua ikanyesha. Mvua ya Desemba, ambayo wazee walisema haina adabu. Ikanyesha alasiri tatu mfululizo. Kisha ghala likafunga kwa sikukuu. Kisha tukaambiwa litafunguliwa baada ya mwaka mpya.

"Bado?" wa Bungoma aliuliza.

"Bado kidogo. Ni mvua."

"Huku pia inanyesha. Nyanya yupo."

Siku nyingine nilimkalipia. Nilimwambia ananiuliza kila siku kana kwamba nimelificha jua mfukoni. Akasema, "Pole, ndugu yangu. Najua si wewe." Nilibaki na simu sikioni muda mrefu baada ya yeye kukata.

Na kuna alasiri moja, nakunja turubai mbio, mvua inakuja, wazo likanijia: mwambie apande basi. Basi za Lodwar hutoka Kitale kila siku. Angetoka Bungoma asubuhi, angepita hapa hapa kwetu, angefika. Nilitoa simu, nikalitafuta jina lake. Halafu nikaliona lile gari uani, nikaona namna atakavyosimulia baadaye, yeye na Lodwar yake, na mimi nitakuwa yule aliyebaki na reki. Nikasema moyoni, siku mbili tu zaidi, atangoja. Nikarudisha simu mfukoni.

Ghala likafunguliwa. Mahindi yakapokelewa, pungufu, lakini yakapokelewa. Baba akanipa funguo bila kunitazama na kusema nimpe dereva. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa tuliosha gari, wa Bungoma akaswali Ijumaa kwao kisha akaja Kitale, akalala kwetu. Mama alimpikia vizuri kuliko anavyonipikia mimi. Jumamosi alfajiri, baada ya yeye kuswali, tukaondoka. Wa Kimilili alikuja na kuku mmoja tu, tena wa kuchemsha, kwa sababu mama yake alikuwa amekataa ujinga.

Safari yenyewe niliyoililia mwezi mzima sina mengi ya kuisema. Ilikuwa nzuri. Tuliteremka ule mteremko baada ya Kapenguria, hewa ikabadilika, ikawa kavu na moto, na wa Kimilili akaimba mpaka sauti ikakauka. Wa Bungoma aliendesha mikono miwili kwenye usukani, shati jeupe, halina kunjo hata moja. Mapajani alikuwa na kifurushi. Baba yake alikuwa ameenda mwenyewe mpaka Malakisi kumtafutia mama mkwe wake tumbaku nzuri ya kutafuna, kwa sababu alisema huwezi kwenda kwa mama mzee wa huko mikono mitupu, na sukari kila mtu huleta. Tukipita kwenye mashimo, anakishika kwa mkono mmoja.

"Nitamsalimia vipi?" alituuliza karibu na Lokichar. "Sijui hata neno moja la kwao."

"Utasimama tu," wa Kimilili akamwambia. "Ameomba uso, hakuomba hotuba."

Tulifika saa nane mchana. Mama mdogo alikuwa ametusikia, akatoka nje ya ua, mwanamke mrefu mwembamba mwenye leso kiunoni. Alimshika wa Bungoma mabega mawili, akamtazama sana, akamkumbatia. Kisha akamwachia na kuuficha mdomo kwa leso.

"Ameondoka Jumatano," akasema. "Nilishindwa kukwambia kwa simu."

Kulikuwa na lori la watu wa mbuzi lililokuwa linaelekea upande wa kwao. Nyanya alilisikia likitajwa, akachukua fimbo yake. Walimwomba angoje mpaka Jumapili, akasema amengoja mwezi. Alikuwa akikaa pale mlangoni, kwenye kigoda, asubuhi mpaka jioni. Walimwambia mjukuu wake ndiye atakuwa anaendesha. Kwa hiyo kila gari likipita alikuwa anamtazama dereva kwa lile jicho jipya.

Wa Bungoma alikuwa bado ameshika tumbaku. Hatukujua siku ile kwamba mama mzee hatarudi mjini tena, kwamba masika yatamkuta huko huko kwa mbuzi wake na watamzika huko, na habari itafika Bungoma baada ya wiki mbili. Tulidhani ni kuchelewa tu. Lakini mama mdogo nafikiri alijua, kwa sababu sauti yake ilipanda.

"Sasa wewe, mtoto wangu, ulikuwa unangoja nini? Si nilikwambia ni siku chache? Si basi zinakuja hapa kila siku? Zinasimama pale, unaona?"

Alitazama alipoonyeshwa. Basi lilikuwapo, watu wanashusha mizigo. Kisha akatugeukia sisi, mimi na wa Kimilili, tuliosimama kando ya pikapu na vumbi letu, akanyoosha mkono kama mtu anayewatambulisha ndugu zake. Hakuwa na uchungu wowote usoni. Alikuwa, Mungu anisamehe, anaona fahari.

"Nilikuwa nangoja hawa, mama. Tuliahidiana tuje pamoja."

Mama mdogo akatutazama. Akafuta macho, akaja, akampa wa Kimilili mkono, halafu akaja kwangu. Wa Bungoma akamwambia, "Huyu ndiye mwenye gari." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante kwa kuniletea mtoto," akaniambia.

Nikasema, "Karibu, mama."